Shanga za Mkukutu na Mkate wa Isis: Msamiati wa Sadaka kati ya Delta ya Rufiji na Misri ya Kale

Ikisiri

Shanga za kioo zilizofukuliwa Mkukutu, karibu na Kibiti, zimetumiwa mara kwa mara kudai kwamba matambiko ya Rufiji yametokana na ibada za miungu wa kike wa Misri ya Kale. Makala haya yanalipima dai hilo kwa ushahidi wa lugha. Yanalinganisha msamiati wa sadaka katika maandishi ya Misri, hususani hieroglifi zinazohusiana na Isis na Hathor, na msamiati wa tambiko, sadaka na kafara katika Kiswahili cha Rufiji. Hoja kuu ni kwamba biashara iliyothibitishwa na shanga haithibitishi ibada ya pamoja, na kwamba ulinganishi wa tamaduni hizi mbili una tija zaidi pale unapoachana na utafutaji wa asili.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1999, mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha katika jarida la Current Anthropology taarifa kuhusu shanga za kioo zilizopatikana Mkukutu, karibu na Kibiti, pembezoni mwa delta ya Rufiji. Alizitambua kuwa ni shanga za enzi ya dola la Kirumi. Zilitoka katika makazi ya wakulima na wafua chuma wa awali, na Chami alizichukulia kuwa kiungo thabiti cha kwanza cha kiakiolojia kati ya mwambao wetu na Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK. Mji wa Rhapta unaotajwa humo, ambao wataalamu walikuwa wameutafuta sehemu mbalimbali za mwambao, ukasogezwa Rufiji.

Kwa mwanaakiolojia, shanga ni shanga. Kwa wengine zimekuwa zaidi ya hapo. Katika semina za uzamili, na katika mazungumzo ya watu wa Kibiti wenye kupenda historia, huzuka mnyororo wa madai ambao kila pete yake imefungwa kwa neno. Husemwa kwamba Rufiji ni mto wa Ra. Kwamba pwani ni Punti, ile nchi ya ubani ya Mafirauni. Kwamba kitambaa kinachofungwa mzimuni ni ile bendera inayoandika neno “mungu” katika hieroglifi. Na kwamba mama anayemwaga unga chini ya mbuyu ni kuhani wa Isis asiyejijua.

Dai hili lina mvuto, na mvuto wake si wa kipuuzi. Tangu Cheikh Anta Diop alipochapisha Nations nègres et culture mwaka 1954, na tangu yeye na Théophile Obenga walipoitetea Misri ya Kiafrika katika kongamano la UNESCO mjini Cairo mwaka 1974, wasomi wa Afrika wamekuwa na sababu nzuri ya kukataa kuikata Misri kutoka katika bara lake. Chami mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu umoja wa historia ya kale ya Afrika, anarudisha mtandao wa mawasiliano nyuma hadi mwaka 3000 KK. Mwandishi wa makala haya hana ugomvi na nia hiyo. Ugomvi wake ni na njia, na zaidi na dhana iliyojificha ndani yake: kwamba tambiko la Rufiji halina heshima mpaka lipewe cheti cha kuzaliwa kutoka kwenye bonde la Nile.

2.0 Bidhaa na miungu baharini

Tuanze na kinachojulikana. Mwandishi wa Periplus alikuwa mfanyabiashara wa Kimisri aliyezungumza Kigiriki. Hutaja miezi ya safari kwa majina ya Kimisri sambamba na ya Kirumi. Anaeleza kwamba Rhapta ilipata jina lake kutokana na vyombo vya kushonwa, jambo linalotukumbusha mtepe wetu, na kwamba huko zilipatikana pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Bidhaa zilizoletwa ni mikuki, mashoka, visu vidogo na aina kadhaa za vitu vya kioo. Kisha anaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: katika baadhi ya bandari, mvinyo na nafaka zilipelekwa kwa ajili ya kupata ukarimu wa wenyeji, si kwa ajili ya kuuzwa. Huo ni ushahidi wa zawadi katika mwambao huu. Ni zawadi iliyotolewa kwa watu.

Je, aliyeleta shanga aliweza kuleta mungu? Aliweza. Katika karne hiyohiyo Isis alikuwa mlinzi wa mabaharia. Tarehe 5 Machi kila mwaka, katika miji mingi ya Bahari ya Kati, chombo kiliwekwa wakfu kwake kufungua msimu wa safari. Bandari ya Berenike katika Bahari ya Shamu, mojawapo ya vituo vya safari za kuja kusini, ilikuwa na hekalu la Isis. Na mwaka 2022 wachimbuzi walikuta sanamu ya Buddha katika ua wa hekalu hilo. Huu ni mfano bora wa bidhaa na miungu kusafiri katika jahazi moja. Lakini tuangalie jinsi tunavyojua: tunayo sanamu, hekalu lenyewe, na maandishi ya wakfu. Uwezekano uliopo Mkukutu ni uleule. Kilichopatikana Mkukutu ni shanga.

Mfano wenye nguvu zaidi uko barani, kwenye njia ya kuja kusini. Huko Meroe, katika Sudani ya leo, ibada ya Isis iliingia na ikakaa kwa karne nyingi, na lugha ilibaki na alama zake. Jina la mungu, ambalo kwa Kimisri lilikuwa Aset au Ese, lilipokewa katika Kimeroe kama Wos na likafuata matamshi ya huko. Maandishi ya mazishi ya Kimeroe huanza kwa kumwita Wos, kisha Osiris kwa jina lake la Kimeroe, ndipo yafuate maombi ya maji na mkate kwa ajili ya marehemu. Zipo pia meza za sadaka za mawe zilizochongwa maandishi hayo. Isis wa Philae, katika mpaka wa kusini wa Misri, aliendelea kupata waumini wa kusini hata baada ya dola la Kirumi kuwa la Kikristo: maandishi ya mwisho ya hieroglifi yenye tarehe, ya 24 Agosti 394, yamechongwa huko Philae, na katika karne ya 5 Wablemmyes walipatana na Warumi kwamba waruhusiwe kuvuka kwenda hekaluni na hata kuazima sanamu ya mungu.

Meroe basi inatupa kipimo. Ibada inapokopwa, jina hukopwa, nalo huvaa sauti za wenyeji. Kanuni ya maneno hukopwa, na vyombo vya sadaka hufuata. Tunapokuja Rufiji na kipimo hicho mkononi, hatupati jina la mungu, kanuni wala meza.

3.0 Pwani si Punti

Yanayobaki ni maneno yanayofanana. Mfanano wa sauti ni kishawishi cha zamani katika taaluma yetu, na tiba yake ni kuuliza maswali mawili: neno lina viungo gani, na lilikuwapo lini?

Pwani ni neno linalojieleza. Ni kitenzi -pwa, kama katika maji kupwa na kujaa, pamoja na kiambishi cha mahali -ni: ni pale bahari inapopwa. Msemaji yeyote wa delta, ambaye kazi yake ya siku hupangwa kwa bamvua na maji mafu, anausikia mzizi huo bila kufundishwa. Punti kwa upande wake huandikwa kwa konsonanti p-w-n-t, na t ya mwisho si sehemu ya shina; ni kiambishi cha kike ambacho majina ya nchi za kigeni huvaa mara nyingi katika Kimisri. Kwa hiyo anayesema pwani ni Punti anakuwa ameichukua -ni yetu ya mahali na kuilinganisha na n ya shina lao, kisha akaitupa t bila kutoa sababu. Jina hilo liko tayari katika Jiwe la Palermo, katika kumbukumbu za Firauni Sahure wa Nasaba ya 5, takribani miaka 2450 KK. Kwa hesabu inayokubaliwa na wanaisimu wengi, lugha za Kibantu zilikuwa bado hazijafika mwambao huu. Zilifika zaidi ya miaka elfu mbili baadaye. Aidha, uchunguzi wa kikemia wa nyani waliokaushwa Misri, uliochapishwa mwaka 2020, uliielekeza Punti kwenye Pembe ya Afrika: Eritrea, Ethiopia na Somalia.

Rufiji inahitaji maneno machache zaidi. Ru- ni kiambishi cha ngeli kilichomo pia katika Ruvuma, Ruaha na Ruvu. Wenyeji wa bonde hujiita Waruihi. Ukikiondoa kiambishi, hakuna Ra anayebaki.

Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba Punti ina nafasi halali katika mada hii. Hathor aliitwa Bibi wa Punti, na safari maarufu ya Malkia Hatshepsut, iliyochorwa katika kuta za Deir el-Bahari katika karne ya 15 KK, inaonesha sadaka ikitolewa kwake ili safari ifanikiwe. Mungu wa kike wa Misri alimiliki, kwa jina, nchi ambako ubani wa hekalu lake ulitoka. Hii ni siasa ya sadaka: mnunuzi anamfanya mungu wake kuwa mwenye mali kabla hajafika dukani.

4.0 Mkate, nguo na sauti

Maandishi ya Misri yanaweza kutufundisha namna lugha inavyoifikiria sadaka. Hapa ndipo ulinganishi unapoanza kuwa na faida.

Neno la msingi ni hetep. Huandikwa kwa picha ya mkate uliowekwa juu ya mkeka wa matete. Neno hilohilo lina maana ya sadaka, na pia ya amani, utulivu, kuridhika. Kwa Mmisri, kutoa hetep ni kumfanya anayepokea awe katika hetep. Kiswahili hakina neno moja linalobeba yote mawili, lakini tunalo neno linalosimama mahali hapo katika fikra: radhi. Anayetambika Rufiji hutaka radhi za waliotangulia, na radhi ni hali ya mpokeaji, si jina la kitu kilichotolewa. Kimisri kiliunganisha kitu na hali; Kiswahili kimevitenga, kikaviacha vikutane katika tendo.

Kanuni ya sadaka ya Kimisri, hetep-di-nesu, humtaja mfalme kuwa mtoaji, kisha mungu, kisha huorodhesha mkate, bia, ng'ombe, ndege, vyombo vya alabasta na nguo, kila kimoja kikiandamana na ishara ya elfu, ambayo ni picha ya mmea wa yungiyungi. Hakuna kaburi lililopata mikate elfu kila siku. Elfu ilikuwa ya maandishi, na maandishi yalitosha, kwa sharti moja: yasomwe. Sadaka ya aina hii iliitwa peret-kheru, yaani “kutoka kwa sauti”. Mpita njia aliombwa akome kidogo kaburini na kutamka, kwa kuwa kutamka hakumgharimu kitu zaidi ya pumzi yake. Mchongo ulikuwa ghala, na sauti ya mtu aliye hai ndiyo iliyofungua mlango.

Msomaji aliyewahi kuhudhuria tambiko atakuwa amekwisha kukumbuka manuizo. Unga, mtama, kuku, shuka au sarafu haviwi tambiko mpaka vinuiziwe: mpaka mtu mwenye haki ya kusema aseme ni kwa ajili ya nani na kwa haja gani, akiwataja wazee kwa majina. Katika jamii zote mbili kitu bila sauti ni chakula tu. Lakini tofauti ni kubwa kuliko mfanano, na ndiyo inayostahili utafiti. Kanuni ya Misri ilitungwa ili msemaji asiwe na umuhimu. Mgeni yeyote ajuaye kusoma aliweza kulisha marehemu asiyemjua. Manuizo ya Rufiji yanategemea ni nani anasema. Mgeni hawezi. Ukoo hauwezi kumwachia jukumu hilo mpita njia, hata awe fasaha namna gani. Huo ni mpaka kati ya utamaduni uliokabidhi kumbukumbu kwa jiwe na ule ulioikabidhi kwa nasaba.

Ishara ya neno netjer, mungu, ndiyo inayowasisimua zaidi wanafunzi wangu. Ni mti au nguzo iliyofungwa kitambaa. Nao mizimu mingi ya mwambao, kuanzia Mrima hadi Kilwa, hujulikana kwa vipande vya bafta nyeupe, kaniki na nguo nyekundu vinavyofungwa matawini au kuchomekwa kama bendera. Mfanano ni wa kweli. Hata hivyo vitambaa hufungwa mitini Ireland, Uturuki na Tibet, na hakuna anayesema huko nako Isis alipita. Nguo ni kitu cha thamani kilichotengenezwa kwa mikono. Huonekana kwa mbali. Huyumba kwa upepo kana kwamba kuna aliyepo. Watu wengi wameweza kuligundua hilo peke yao. Tukiacha kutafuta nani alimfundisha nani, tunaweza kuuliza swali la kiisimu: kwa nini kitambaa cha Misri kiligeuka kuwa herufi, ilhali cha Rufiji kilibaki kitambaa? Sehemu ya jibu ni kwamba kule kulikuwa na dola lililohitaji kuhesabu mikate ya mahekalu.

5.0 Tambiko, sadaka, kafara

Msamiati wetu wenyewe una historia, na historia hiyo inasomeka vizuri bila msaada wa Nile. Tabaka la chini ni la Kibantu. Mzimu ni ndugu wa mudzimu wa Kishona, umuzimu wa Kinyarwanda na modimo wa Kisotho, ambako neno limepanda cheo hadi kuwa jina la Mungu. Kutambika kunajulikana kwa majirani Wazaramo na Waluguru. Lugha za kundi la P katika uainishaji wa Guthrie, yaani Kindengereko, Kirufiji na Kimatumbi, zinaishi katika tabaka hilo.

Juu yake kuna tabaka la Kiarabu lililokuja na Uislamu: sadaka, kafara, nadhiri, dua, nia ambayo imetupa kunuia na kunuiza, na ubani wenyewe, ambao ni lubān ya Kiarabu iliyodondosha konsonanti yake ya kwanza. Tazama jinsi neno manuizo lilivyojengwa. Shina lake limetoka Arabuni. Unyambulishaji wake, kwa kauli ya kutendesha na kiambishi cha ma-, ni wa Kibantu kabisa. Na limepewa kazi katikati ya ibada ambayo mwanachuoni wa Kiarabu asingeitambua. Ukopaji wa kweli huonekana hivyo: una mshono unaoweza kushikwa kwa kidole.

Maneno haya matatu hayajagawana kazi kwa unadhifu ambao kamusi hupenda kuuonesha. Tambiko huelekezwa kwa waliotangulia na kwa mizimu ya mahali. Sadaka hutolewa kwa ajili ya Mungu lakini huliwa na watu. Kafara huondoa balaa, na kwa kawaida haiendi nyumbani na mtoaji. Hutupwa baharini au huachwa njia panda. Hata hivyo, katika vijiji vya delta tukio lilelile, wali uleule na kuku yuleyule, laweza kuitwa sadaka na mwalimu wa madrasa, tambiko na mzee wa ukoo, na kafara na jirani anayeona kwamba familia ile ina la kuficha. Uteuzi wa neno hauelezi kilichofanyika. Unaeleza msemaji amesimama wapi. Mtafiti anayekusanya msamiati wa ibada bila kuandika nani alisema, mbele ya nani, hurudi mjini na orodha isiyo na maana. Kazi ya Eva-Marie Ström ya mwaka 2013 imetupa sarufi ya Kindengereko, lugha ambayo inarudi nyuma mbele ya Kiswahili mwaka hadi mwaka. Msamiati wake wa ibada bado unangoja mtu wa kuukusanya kwa namna hiyo, na wasemaji waliokulia ndani yake ni wazee.

6.0 Mungu wa kike katika lugha isiyo na jinsia

Linabaki tatizo ambalo kila mfasiri wa Kiswahili atakutana nalo. Kimisri kina jinsi ya kisarufi: netjer ni mungu wa kiume, netjeret wa kike. Kiambishi hicho cha kike, t, huandikwa kwa picha ya kipande cha mkate. Kwa hiyo macho ya msomaji yanapopita juu ya jina la Isis, Aset, hukutana na kiti cha enzi, kisha mkate mdogo, na mara nyingi yai au nyoka swila aliyeinuka, alama bainishi zisizotamkwa ambazo kazi yake ni kusema tu kwamba anayetajwa ni mungu wa kike. Mkate huo hauna maana ya sadaka hapo. Upo kwa sauti yake. Lakini ni mkate uleule unaowekwa juu ya mkeka wa hetep.

Orly Goldwasser, katika kitabu chake cha mwaka 2002, alizichambua alama bainishi hizo kuwa mfumo wa kuainisha ulimwengu, na mwanafunzi wa lugha za Kibantu hawezi kusoma uchambuzi huo bila kufikiria ngeli. Tofauti ni kwamba ngeli husikika mwanzoni mwa neno na hutawala sentensi nzima, ilhali alama bainishi ya Misri huja mwishoni na huonekana kwa macho tu. Na ngeli zetu hazijali uke wala uume. Mungu hatwambii, mzimu hautwambii. Mungu ana umbo la m-/mi- lakini hupatanishwa kama mtu, kiasi kwamba wingi wake, miungu, huwasumbua hata waandishi wazoefu: miungu wa au miungu ya? Mwandishi wa makala haya amechagua miungu wa, kwa sababu Isis na Hathor husema, hukasirika na hulewa bia. Hao si vitu.

“Mungu wa kike” ni tafsiri sahihi yenye kasoro moja: humfanya mungu kuwa wa kiume mpaka itakapotajwa vingine, jambo ambalo Kiswahili chenyewe hakisemi. Kwa cheo cha Kimisri nebet, kinachomtambulisha Hathor kama mmiliki wa Punti au wa Dendera, wengi huandika Bibi, kama nilivyofanya hapo juu kwa kufuata mazoea. Napendekeza Mwana. Mwambao umelitumia kwa karne nyingi kuwa cheo cha wanawake wenye heshima na mamlaka, kutoka Mwana Mkisi wa mapokeo ya Mombasa hadi Mwana Kupona wa Siu. “Hathor, Mwana wa Punti” huenda akasomeka kama binti wa nchi hiyo, nakubali. Ila utata huo unaondolewa na muktadha, ilhali Bibi imekwisha kuegemea kwa nyanya na kwa mke wa bwana.

7.0 Maandishi yanywewayo

Nimebakiza ulinganishi mmoja ambao haumalizwi kwa kusema “mfanano tu”. Katika karne za mwisho za Misri ya Kale kulikuwa na mawe na sanamu za uponyaji zilizochongwa hieroglifi kuanzia kichwani hadi miguuni. Jiwe la Metternich, la enzi ya Nectanebo wa Pili katika karne ya 4 KK, lina kisa cha Isis na nge saba, na vilio vyake kwa ajili ya mwanawe Horus aliyeumwa. Sanamu ya Djedhor, iliyoko Cairo, ina beseni lililochongwa chini yake. Maji yalimwagwa juu ya maandishi, yakateremka na nguvu za maneno, yakakusanywa, na mgonjwa akayanywa.

Kombe la mwambao wetu linajulikana: aya huandikwa kwa zafarani katika sahani, huoshwa kwa maji au marashi, na mgonjwa hunywa. Njia iliyolileta kombe hapa ni ya Uislamu, na ulimwengu wa Kiislamu uliyajua maandishi ya kunywa kutoka Maghribi hadi India. Ikiwa Misri ya Kikristo na kisha ya Kiislamu ilirithi kitu kutoka kwa makuhani wa Isis, basi huo ni mlango mmoja kati ya mingi, na ulifunguka kwa Kiarabu, karne nyingi baada ya Rhapta. Shanga za Mkukutu hazihusiki. Kuna pia tofauti ya msingi. Jiwe la Misri liliweza kumwagiwa maji mara elfu na maandishi yakabaki. Katika kombe, wino wenyewe hunywewa. Sahani ikishaoshwa hakuna kinachobaki kusomwa.

Na kuna maji ya tatu. Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alipagawa na Hongo, pepo aliyekuwa chini ya Bokero, ambaye wanahistoria wamemhusisha na Kolelo wa Uluguru. Alijenga nyumba iliyoitwa Kijumba-Nungu, nyumba ya Mungu, jina ambalo mpenda mifanano angelikimbilia, kwa kuwa Hathor nalo kwa Kimisri ni “nyumba ya Horus”. Watu walimiminika kutoka Rufiji, Umatumbi na mbali zaidi, wakapewa maji yaliyochanganywa na mtama. Hapakuwa na aya ndani yake wala mchongo juu yake. Nguvu yote ilikuwa katika agizo lililosemwa na kupokewa, na lilivuka mito na lugha kwa midomo ya watu. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile ya mwaka 1969, aliliona vema suala hilo: msiba wa mhusika wake ni wa mtu ambaye neno alilolitoa limeshika njia yake.

Kinjikitile alinyongwa Mohoro, kusini kidogo mwa delta, tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza siku chache tu. Tunayoyajua kuhusu manuizo ya Ngarambe yametokana kwa sehemu kubwa na wazee waliohojiwa na G.C.K. Gwassa na wenzake katika miaka ya 1960, zaidi ya nusu karne baadaye, na yaliyochapishwa humo yalitafsiriwa kwa Kiingereza kabla ya kumfikia msomaji.